Sura ya Sita: Makochi ya Plastiki na Ng'ombe wa Udongo

Kiti cha mdoli husomwa kuanzia chini. Kigeuze, na mara nyingi utakuta maandishi yaliyotokeza kwenye plastiki yenyewe: jina la kiwanda, namba ya kipande, nchi kilikotengenezwa. Ukisoma Renwal, kimetoka kwenye kampuni ya jimbo la New York iliyoanzishwa mwaka 1939 na kupewa jina la mmoja wa wenye mali, Lawner, lililogeuzwa kinyumenyume. Ukisoma Ideal, kimetoka kwenye kampuni iliyowahi kutamba kwa dubu wake wa kuchezea mwanzoni mwa karne ya 20, na ambayo baada ya Vita Kuu ya Pili iliingia kwa nguvu kwenye biashara ya fanicha za nyumba za midoli. Karibu na maandishi kuna kovu dogo: hapo ndipo plastiki iliyoyeyushwa ilipopenya kuingia kwenye kalibu. Pitisha ukucha ubavuni, utaugusa mshono mwembamba ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana.

Kiti chenyewe kinaenea kiganjani. Viwanda vingi vya Marekani vya wakati huo vilipima robo tatu ya inchi kwa kila futi moja, yaani kila kitu kilipunguzwa mara 16. Kiti cha mezani chenye kimo cha sentimita 90 kikatoka na sentimita 5 na nusu hivi. Kwa kipimo hicho zilijazwa nyumba nzima: sebule, chumba cha kulia, jiko, bafu, vyumba vya kulala, chumba cha mtoto mchanga. Kulikuwa na makochi, redio kubwa ya kusimama sakafuni, friji yenye mlango unaofunguka, cherehani, mashine ya kufulia, kitanda cha mtoto cha kubembeleza. Plastiki ya kahawia ilichanganywa rangi kabla ya kuingia kwenye kalibu ili itoke na mawimbi, mfano wa mbao ya mkangazi iliyopigwa randa. Kuanzia mwaka 1949 kampuni ya Louis Marx ikauza na nyumba yenyewe, ya bati lililochapwa picha: mapazia, mazulia na maua ya ukutani yote yakiwa yamechorwa tayari, na fanicha za plastiki ndani yake.

Leo vitu hivi vinakusanywa na watu wazima. Wanajua ni kabati lipi lilitoka kwa rangi ipi, droo ipi hufunguka na ipi ni mchoro tu, na kisanduku cha karatasi kilikuwaje. Wapo wanaotafuta kwa miaka mlango mmoja wa jiko la plastiki badala ya ule uliovunjika. Nawaheshimu kwa dhati. Kazi yao imetuachia kitu ambacho albamu za picha haziwezi kutupa: nyumba ya familia ya kawaida ya Marekani ya miaka ya 1940 na 1950 kama ilivyotamaniwa na waliotaka kuipata, hadi kwenye mizani ya bafuni na simu ya mezani. Nyumba halisi zilibomolewa au zikabadilishwa jiko. Ya midoli imebaki, na kwa sababu kila kipande kina jina na namba, inaweza kupangwa upya chumba kwa chumba.

Naandika sura hii nikiwa Dodoma, mahali ambapo nyumba za kale za wenyeji zinatoweka mbele ya macho yetu na midoli ya nyumba hizo hakuna anayeihesabu. Nataka tujifunze kwa wakusanyaji wa plastiki.

Kwanza nieleze plastiki hiyo ilitoka wapi, maana historia yake inapita karibu sana na hapa. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Malaya na visiwa vya Waholanzi vya Asia ya Kusini Mashariki, na karibu mpira mbichi wote uliokuwa ukienda Marekani na Uingereza ukakatika. Tanganyika, serikali ya kikoloni ilifufua mashamba ya miti ya mpira yaliyokuwa yametelekezwa tangu enzi za Wajerumani upande wa Tanga, na ikapeleka huko vibarua wa kulazimishwa. Marekani ilichukua njia ya kemia. Ilijenga viwanda vikubwa vya mpira usiotokana na mti, na kiungo kimojawapo cha mpira huo ni kimiminika kiitwacho stirini. Vita vilipokwisha, viwanda vikabaki na stirini tele isiyo na mnunuzi. Stirini ikiungwa peke yake hutoa polistirini: plastiki ngumu, inayong'aa, inayokubali rangi yoyote, na rahisi kuyeyusha. Kuchonga kalibu la chuma ni gharama kubwa, lakini likishakuwa tayari hutoa vipande maelfu kwa maelfu, na kila kimoja ni cha senti chache. Ndivyo makochi ya midoli yalivyomfikia mtoto wa fundi wa kiwandani, wakati zamani nyumba ya midoli ilikuwa ya watoto wa matajiri, yenye samani zilizochongwa moja moja kwa mkono.

Vita hivyohivyo viliiacha Uingereza bila mafuta ya kutosha ya kula. Mwaka 1946 ulitoka mpango wa kulima karanga Afrika Mashariki katika eneo la zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa yake Tanganyika, na kazi ikaanzia Kongwa mwaka 1947. Vifaru vya vita vya aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta na kuitwa Shervick. Mbuyu ulibomolewa, pori likasukumwa kwa minyororo, na ardhi ya Kongwa yenye udongo mwingi wa mfinyanzi ikakauka baada ya mvua hadi majembe ya chuma yakashindwa kuingia. Mvua nayo haikutosha. Januari 1951 serikali ya London ilitangaza kuuacha mpango ule, na pauni zaidi ya milioni 35 zikafutwa kwenye vitabu vyake.

Wazungu wa karanga walikuja na familia. Kongwa ilipata hospitali, maduka, na shule ya bweni ya watoto wa Kizungu ambayo iliendelea hata baada ya karanga kufa, hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo katika miaka ileile ambayo mashine za New York zilikuwa zikitema makochi ya polistirini, hapa Ugogo kulikuwa na watoto wa Kiingereza waliokua wakijua midoli ya dukani, na hatua chache kutoka kwao watoto wa Kigogo waliokuwa wakitengeneza midoli yao wenyewe kwa udongo. Wote walikuwa watoto wa matokeo ya vita vile. Waliocheza kwa vitu vya dukani wana wakusanyaji na makumbusho. Young V&A ya London, ambayo kwa miaka mingi iliitwa Makumbusho ya Utoto, ina nyumba za midoli za karne kadhaa. Jumba la Strong la mjini Rochester, New York, linashughulikia historia ya michezo.

Tuangalie sasa nyumba iliyokuwa ikiigizwa upande wa pili.

Tembe la Wagogo ni nyumba ndefu na fupi kwa kimo, yenye paa bapa la udongo juu ya miti, iliyojengwa kuzunguka uwanja ambao ng'ombe hulala. Ukuta wa nje hauna dirisha la kutajika. Ndani mna giza na ubaridi, na kwa jua la Dodoma hiyo ni neema kubwa. Samani zake zinahesabika, na kila moja ina kazi: kigoda cha miguu mitatu, kitanda cha miti kilichotandikwa ngozi ya ng'ombe, jiwe la kusagia na mwana wake, kinu na mchi, vyungu, vibuyu vya maziwa, na lindo, pipa lile la gome la mti la kuwekea nafaka. Juu ya paa huanikwa uwele na mtama. Nyumba hii iliufaa uwanda huu mkavu kwa vizazi vingi, na ilianza kuondoka kwa haraka pale Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, na kampeni za nyumba bora zilipoleta matofali na bati. Mwaka 1973 Dodoma ikatangazwa kuwa makao makuu ya nchi yajayo, na tangu serikali ilipohamia kweli kuanzia mwaka 2016, viwanja vimepimwa hadi vijiji ambako matembe ya mwisho yalikuwa yamesimama. Anayetaka kuliona tembe kwa utulivu, Kijiji cha Makumbusho cha Kijitonyama, Dar es Salaam, kina moja.

Lakini watoto bado wanalijenga. Mvua za Desemba zikishaanguka na makorongo yakiwa na udongo laini, wavulana wanaochunga hufinyanga ng'ombe, na wasichana wakijipikilisha kivulini huweka mafiga ya mawe matatu, visoda vya chupa vikiwa sahani, gunzi la muhindi likiwa mtoto wa kubebwa mgongoni kwa kitambaa. Zizi huzungushiwa miiba midogo. Kuta huinuliwa kwa tope, urefu wa kiganja, na juu hutandazwa vijiti na udongo tena, bapa kabisa. Mtoto ambaye kwao ni nyumba ya bati hujenga paa la babu yake. Hilo nimeliona zaidi ya kijiji kimoja na kila mara limenishika, kwa sababu linaonyesha kuwa mchezo una kumbukumbu ndefu kuliko ujenzi.

Nina ng'ombe mmoja wa udongo kutoka wilaya ya Chamwino. Ana urefu wa kidole cha shahada. Miguu ni minne lakini imefupishwa kama vigingi, ili asimame bila kuyumba. Nundu imebinywa kwa dole gumba na kidole, na alama za ngozi ya vidole bado zinaonekana pande zote mbili. Pembe zilibandikwa baadaye: kuna ufa mwembamba kwenye shina, mahali udongo mbichi ulipokutana na udongo uliokwisha kuanza kukauka. Tumboni kuna chapa za majani makavu aliyolazwa juu yake aanikwe. Kwa mtu aliyezoea kusoma kiti cha plastiki, hii ndiyo namba ya kipande. Inasema alitengenezwa kwa hatua mbili, chini, na mkono mdogo.

“Mbona nundu yake kubwa hivi?” nilimuuliza aliyemtengeneza.

“Huyo dume, mjomba. Majike nimeyaacha zizini.”

Katika zizi lile dume alikuwa mkubwa kuliko mlango wa tembe. Hapa ndipo tofauti kubwa na plastiki ilipo. Kiwanda kilipunguza kila kitu mara 16, sawasawa, kochi na sufuria kwa kipimo kimoja, kwa kuwa kilikuwa kinauza mfano wa nyumba. Mtoto wa Chamwino hupima kwa thamani. Ng'ombe anakuwa mkubwa, jiwe la kusagia linafuata, mtu anakuwa mdogo, na kitanda pengine hakipo kabisa. Mkusanyaji akimchukua ng'ombe peke yake na kuliacha zizi, kipimo hicho kimepotea, na kilichobaki ni sanamu nzuri ya kuweka kwenye rafu.

Tumekwisha kuona hasara ya namna hiyo. Mashariki mwa mkoa, kuanzia Mpwapwa kuelekea Gairo na Kilosa, wanaishi Wakaguru, nao pamoja na Waluguru, Wakwere na Wazaramo ni watu wa mwana hiti: umbo dogo la mti, lisilo na mikono wala miguu, lenye kichwa cha mashungi mawili, ambalo mwali alikabidhiwa alee na kulipaka mafuta wakati wa unyago. Si kitu cha kuchezea, ingawa Wazungu wengi waliliita mdoli. Mwana hiti wengi wako Ulaya na Marekani kwenye mikusanyo ya watu binafsi, wakisifiwa kwa umbo lao na mng'ao wa mafuta ya mikono. Lakini mwali aliyemlea yeyote kati yao, nyumba aliyofungiwa na maneno aliyoambiwa, mara nyingi havikufuatana naye.

Mfano bora tunao pia. Hans Cory, aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, alikusanya sanamu za udongo za mafunzo ya jando na unyago, na mwaka 1956 akachapisha kitabu juu yake, African Figurines. Unaweza kubishana naye kwa mengi, na haki ya mtu wa serikali ya kikoloni kuzitoa nje siri za unyago ni swali zito. Lakini hakuichukua sanamu akaacha maana yake: aliandika na mafunzo yaliyoambatana nayo. Udongo wa watoto wa kawaida, usio na siri wala kungwi, haukupata mtu wa kuufanyia hivyo.

Kuhusu kutunza, Dodoma ina bahati kuliko inavyofahamika. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa sehemu kubwa ya mwaka, tangu Mei hadi Novemba, hakuna mvua ya maana. Hewa kavu ni rafiki wa udongo usiochomwa, ambao kwa unyevu wa Tanga au Unguja ungefumuka. Ni rafiki pia wa plastiki fulani. Baadhi ya midoli na samani za awali zilitengenezwa kwa selulosi asetati, ambayo unyevu huiharakisha kuoza: hupinda, hutoa jasho, na hunuka siki. Ukisikia harufu ya siki kwenye kabati la midoli, kitenge kipande hicho mbali na vingine siku hiyohiyo, maana mvuke wake huviambukiza.

Adui wa hapa ni jua. Polistirini iliyoachwa dirishani hugeuka manjano kisha huwa rahisi kuvunjika, na kipande chembamba kikisahauliwa juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani kinaweza kujipinda. Isafishe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini tu. Petroli na thina huiyeyusha, na hata spiriti inaweza kuichora nyufa ndogo zisizotoka tena. Udongo mkavu usiutie maji kabisa. Brashi laini inatosha. Na usishawishike kumchoma ng'ombe wa mtoto ili adumu. Udongo wa korongoni ambao haukuchekechwa wala kukandwa vizuri hupasuka motoni, na hata akisalimika anakuwa kitu kingine.

Sijasahau kuwa plastiki nayo ni ya watoto wetu, tena siku nyingi. Kwenye mitumba ya Sabasaba hapa mjini midoli huletwa kwa belo: magari yasiyo na magurudumu, mkono wa mdoli, mara moja moja kiti kidogo au meza ya nyumba ya midoli iliyopotezana na seti yake mahali fulani Ulaya. Vitu hivi vinafaa kugeuzwa na kusomwa chini kabla havijaingia kwenye moto wa takataka. Lakini hazina iko kwenye vile ambavyo watoto wenyewe wameunda: lori lililokatwa kutoka kwenye dumu la mafuta ya kula, magurudumu yake yakiwa soli ya ndala iliyotobolewa kwa msumari wa moto, usukani wa waya mrefu wa kuendeshea mtu akiwa amesimama.

Vitu hivi vina tarehe zake, kama viti vya Renwal, kwa anayejua kuangalia. Mpira wa miguu uliofumwa kwa mifuko ya rambo, kwa mfano, unajieleza vizuri. Mifuko ile ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na mipira iliyofuata ilirudi kwenye matambara na soksi. Rangi ya dumu, chapa iliyobaki ubavuni, aina ya soli, aina ya waya, vyote vinaweza kumwambia mtu wa miaka 50 ijayo lori hili liliendeshwa lini na katika uchumi gani, mradi leo mtu ameandika lilitoka kijiji gani.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni huu. Usichukue kitu mchezo ukiwa unaendelea. Subiri mtoto akiache, au muagize akutengenezee kingine, umlipe mbele ya mzazi wake. Piga picha ya mchezo mzima kabla ya kugusa chochote, kutoka juu, na pembeni uweke rula au hata kalamu ili vipimo vijulikane. Chukua zizi pamoja na ng'ombe, au usichukue kabisa. Andika kijiji, mwezi, umri wa mtengenezaji, na mahali udongo ulipochimbwa. Uliza nani alimfundisha: mara nyingi ni kaka, na kaka bado yuko hapo hapo. Uliza kila kitu ni nini hata kama unadhani umekijua, kwa kuwa kisoda kinaweza kuwa sahani asubuhi na gurudumu jioni. Majina yaandike kwa lugha aliyoyasema mtoto, iwe Kigogo, Kirangi au Kisandawe, na Kiswahili kifuate pembeni. Na kwa ng'ombe, uliza rangi. Mchungaji mdogo ana jina la kila mchanganyiko wa mabaka na madoa, anajua huyu ni nani katika kundi la baba yake, na kwenye udongo ulio wa rangi moja mwili mzima, hilo halitaonekana popote kama hukuliandika.